Mfupa Uliolala Kwenye Asidi

Krr. Hivyo tu, na kidogo sana, kama chembe ya mchanga ikikutana na jino katikati ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ambao haukupetwa vizuri. Ndiyo sauti ya wembe ukigusa mfupa ambao bado mgumu. Ukiisikia, unaurudisha mfupa kwenye asidi ulainike zaidi. Usipoisikia, unautoa, unauosha, kazi inaendelea. Nimesahau sauti nyingi maishani, hata ya kengele ya shule yangu nimeisahau, lakini hiyo naweza kukuigizia sasa hivi kwa ulimi.

Nilikuwa mhudumu wa chumba cha tishu katika hospitali moja ya kufundishia madaktari, huku Kitui. Chumba cha tishu ndipo vipande vya miili ya watu huletwa ndani ya chupa. Vinakatwa vyembamba kuliko karatasi ya Biblia, vinapakwa rangi na kulazwa juu ya vioo vidogo tunavyoviita slaidi, ili daktari wa patholojia atazame kwa hadubini na kusema huyu mtu anaumwa nini. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kuosha chupa, kupanga slaidi kabatini, kumwaga ndoo na kupika chai. Form Four nilipata D yenye alama ya kujumlisha. Hiyo alama ya kujumlisha naitaja kila mara kwa sababu niliitolea jasho.

Fundi mkuu wa chumba alikuwa mzee aliyebakisha mwaka mmoja astaafu, mtu wa kununa asubuhi na kuimba nyimbo za kanisa mchana. Siku moja aliniita mezani pake. Alikuwa ameshika kipande cha mfupa chembamba kama njiti ya kiberiti, akakigusa pembeni kwa wembe.

"Huo wembe umesema nini?"

"Umesema krr, mzee."

"Una hakika?"

"Kama vile ninavyokusikia wewe."

"Mimi sijasikia kitu." Akatazama mlango kwanza. "Masikio yananiacha, msichana. Ukimwambia mtu nitakuoshesha chupa mpaka Yesu arudi."

Basi nikawa masikio yake. Karatasini nilikuwa wa ndoo na chai, mezani nilikuwa wa kusikiliza mifupa, na hapo ndipo nilipoanza kuota. Niliota nimevaa koti jeupe lenye vifungo vyote (langu lilikuwa na viwili), nimekalia stuli yangu mwenyewe, mlango umeandikwa cheo changu. Kulikuwa na chuo cha mafunzo ya maabara kilichokuwa tayari kunichukua na hiyo D yangu, mradi nipeleke barua ya mkuu wa idara kusema kwamba kazi naijua. Mkuu wa idara alikuwa Profesa, mtu mfupi, mpole, anayesema polepole kama anayemwagilia mche maji. Alikuwa ameniahidi hiyo barua. "Mwisho wa mwezi," alisema. Mimi nilikuwa nimeshatangazia kijiji kizima kwetu Mbooni, Makueni, mpaka mama muuza parachichi akaanza kuniita daktari.

Halafu akaja Felo.

Felo si jina la mtu. Ni daktari ambaye amekwisha kuwa daktari, akaongeza miaka mingine ya patholojia, akafaulu, kisha akaona haitoshi, akarudi darasani kusomea kipande kimoja tu cha hiyo patholojia mpaka akijue kuliko wote. Kipande cha huyu wetu kilikuwa damu na uboho, yaani ule ute wa ndani ya mfupa ambamo damu hutengenezwa. Alikuwa mwanamke wa umri wa kuwa dada yangu mkubwa, mwepesi wa miguu, na kichwa chake, nisiwe mchoyo, kilikuwa kinawaka. Alitoka Makueni kama mimi, yeye upande wa tambarare, lakini Kikamba alikitumia kwa kugomba tu. Ukimsikia anaongea Kikamba ujue kuna mtu amekosea.

Wiki za kwanza nilimpenda sana. Siku moja alinivuta mbele ya hadubini, akanionyesha uboho. Rangi ya kwanza tunayopaka hushika kiini cha chembe hai kikawa buluu, ya pili hupaka yaliyobaki yote pinki. Niliona bustani. Buluu ya zambarau, pinki, buluu tena, zimejipanga kama watoto paredi.

"Mbona unalia?" aliniuliza.

"Daktari, sikujua tuko wazuri hivi ndani."

Alicheka mpaka akashika meza. "Wewe ungeenda kuandika mashairi, si kuosha chupa."

Hayo maneno niliyabeba wiki nzima kama zawadi. Nayakumbuka sasa na nataka kuyatema.

Alhamisi moja tulienda wodini, yeye na sindano, mimi na chupa. Mgonjwa alikuwa mama wa Mtito Andei, mwenye hoteli ndogo ya kupikia madereva wa malori. Homa ilikuwa imemla wiki nyingi, damu ikawa inapungua na hakuna aliyejua inakwenda wapi. Sindano ya uboho huingia kwenye mfupa wa nyonga, nyuma, ikizungushwa kama mtu anayetoboa gogo. Ganzi hufika kwenye nyama, ndani ya mfupa haifiki. Yule mama alishika mkono wangu.

"Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa kubeba chupa."

"Basi beba vizuri, mwiitu wakwa, binti yangu. Huo ni mfupa wangu, si wa supu."

Wodi nzima ilicheka, hata Felo. Kisha sindano ikazunguka na yule mama hakucheka tena. Alinifinya mpaka pete yangu ya plastiki ikavunjika.

Mfupa hauwezi kukatwa vile ulivyo. Unalala kwanza kwenye dawa ya kuhifadhi, kesho yake unaingia kwenye asidi kwa saa chache ulainike. Ukitoka mapema, unavunja kisu. Ukichelewa, asidi inakula kila kitu ndani, na rangi ya buluu haishiki tena. Kwa hiyo chumba chetu kilikuwa na desturi moja ambayo fundi aliilinda kama amri ya Mungu. Anayeuweka mfupa kwenye asidi ndiye anayeutoa, na lazima abandike kikaratasi kwenye chupa: namba ya mgonjwa, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na sahihi yake. Kwa penseli, maana wino huyeyuka.

Ijumaa hiyo fundi alikuwa likizo. Felo aliweka mfupa mwenyewe saa tatu asubuhi. Akaandika: *Ndani saa 3. Kutoa saa 10. Mimi mwenyewe.* Akatia sahihi yenye mkia mrefu.

"Daktari," nilimwambia, "saa kumi ukiwa na shughuli nikutolee? Huwa nasikiliza."

"Unasikiliza nini?" Akageuka. Halafu Kikamba kikaja, kwa hiyo nikajua nimekosea. "Usiguse mfupa wangu. Ukishikwa na mtu wa ndoo ukaharibika, nani atajibu?"

Saa kumi ikafika, hakuja. Nikaenda mlangoni kwake, umefungwa. Karani wa Profesa akaniambia ameondoka tangu chakula cha mchana, ana safari. Namba yake ya simu sikuwa nayo. Nilirudi nikasimama mbele ya ile chupa. Mfupa ulikuwa umelala chini, mweupe, mdogo, kama jino la mtoto. Ningeweza kuutoa. Ilikuwa kazi ya kupumua mara mbili. Lakini nilikuwa nimekatazwa, na mimi nimelelewa kutii. Nikajiambia ana ufunguo, atapitia. Nikafunga dirisha nikaenda zangu. Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo, na sehemu ya hasira yangu, nikisema ukweli, inatokea hapo.

Jumatatu asubuhi chupa ilikuwa palepale. Nilimwendea mbio.

"Daktari, mfupa bado uko kwenye asidi."

Akaja, akautazama, akabandua kile kikaratasi kwenye chupa, akakikunja na kukitupa kwenye pipa. "Upitishe tu," akasema. "Tutaona."

Mimi ndiye mwenye pipa. Karatasi yenye namba ya mgonjwa haiendi na takataka za kawaida, inakwenda kwenye sanduku la kuchomwa. Nikaiokota, nikaitia mfukoni mwa koti ili nikipita niiweke huko. Nikapitiwa.

Jumatano kulikuwa na kikao cha kesi. Madaktari wote hukaa, slaidi inaonyeshwa ukutani kwa mwanga, na mimi husimama mlangoni na birika. Ikaonyeshwa slaidi ya yule mama. Ilikuwa pinki. Pinki juu, pinki chini, kama uji uliotiwa rangi. Hakukuwa na buluu hata ya dawa.

Profesa akavua miwani. "Hapa kulitokea nini?"

"Mhudumu alisahau kuutoa kwenye asidi, Profesa," akasema Felo. "Ijumaa fundi hakuwepo."

Wote wakageuka kunitazama. Kiingereza changu kikakimbia, Kiswahili kikakifuata nyuma. Nilifungua mdomo, ukatoka mvuke tu, kama birika nililoshika. Daktari mmoja kijana akanong'ona, "Na chai anakumbuka," wenzake wakacheka kwa pua.

Baada ya kikao Profesa aliniita pembeni. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. "Ile barua," alisema polepole, "tuiache kwanza. Mtu wa maabara ni saa. Saa ikimshinda, mengine hayana maana."

Nilienda chooni. Nikatafuta kitambaa mfukoni nifute uso, vidole vikagusa karatasi. Nilipoikunjua niliacha kulia palepale. Penseli haifutiki upesi. *Mimi mwenyewe.* Na mkia wa sahihi, mrefu, wa kujivuna.

Nilitoka mbio mpaka ofisi ya Profesa. Karani akanizuia kwa kalamu. "Ana wageni. Wewe una miadi?" Sikuwa na miadi. Nikasimama kwenye ukumbi, na nadhani ni hapo, katika hizo dakika za kusimama, hasira yangu ilibadilika ladha. Ilikuwa kali kama pilipili, ikawa tamu. Nikaona: nikiipeleka sasa, mlango utafungwa, watazungumza wawili, ataitwa, ataomba radhi kwa sauti ya chini na chai. Mimi nilikuwa nimeangushwa mbele ya watu kumi na wanne. Nilitaka na yeye aanguke penye watu, akiwa amevaa vizuri.

Nikaweka kikaratasi nyuma ya simu yangu, ndani ya kava, nikaanza kungoja.

Fundi aliporudi nilimweleza yote. Alinitazama, akatazama wembe wake. Alijua kwamba akisimama kunitetea, swali la pili lingekuwa ni nani husikiliza mifupa, na kwa nini si yeye. "Nyamaza, mwanangu," akasema. "Daktari ni daktari." Akaanza kuimba. Nikamwandika na yeye kwenye orodha ya ninaowadai, lakini chini kabisa.

Usifikiri nilinuna. Mimi si mtu wa kununa. Nilimsalimu Felo kila asubuhi kwa meno yote. Chai yake niliitia kwenye kikombe chenye ukingo uliokatika, na kila siku nikahakikisha ule upande wa kukatika uko karibu na mdomo wake. Stuli yenye gurudumu bovu, ile inayokuvuta kushoto ukiinama kwenye hadubini, ilihamia chumbani kwake bila mtu kujua miguu iliipata wapi. Niliota pia ndoto kubwa kubwa: niko na koti la vifungo vyote, yeye anabisha mlango wangu akiomba slaidi, namwambia jaza fomu. Nilikuwa nacheka peke yangu nikiosha chupa.

Nilipoenda nyumbani Mbooni, mama yangu aliona. Nilikuwa namenya viazi kama navichuna ngozi.

"Hivyo viazi vimekufanya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono. "Tutampeleka kwa maombi," akasema. Nikafurahi, nikadhani sasa mbingu zinaingilia kati. Jumapili akina mama wa kanisa wakanizunguka, wakashika kichwa changu, na wakamwombea Felo. Wakamwombea baraka! Eti Mungu amfungulie milango, ampe hekima, ampe mume mwema kama hana.

"Mwaitu," nilimwambia mama tukipanda njia ya kurudi, pumzi zikitukata kwenye mlima, "mimi nilitaka apigwe."

"Ndiyo maana tulikuzunguka wewe," akasema, akaendelea kupanda.

Yale maombi hayakufanya kazi. Nilirudi Kitui na kikaratasi changu mahali pake.

Wiki ya tatu baada ya ule mfupa wa kwanza, yule mama wa Mtito Andei aliitwa tena. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya leso. Aliponiona na chupa akajaribu kutabasamu.

"Wewe tena! Ule mfupa wangu mliukula?"

Felo alikuwa anavaa glavu.

"Nauliza. Nimefunga hoteli siku mbili kuja hapa. Ule wa kwanza ulienda wapi?"

"Ilikuwa shida ya maabara, mama," akasema Felo. "Lala upande huu."

Mama akanitazama. Mimi ndiye wa kubeba chupa, nilikuwa nimeambiwa nibebe vizuri. Macho yake hayakunilaumu, yaliuliza tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akanipa mkono. Sindano ikaanza kuzunguka. Safari hii alilia kwa sauti, akimwita mama yake ambaye nadhani alishakufa zamani. Mimi nilimtazama Felo juu ya ule mgongo na nikasema moyoni, haya, sasa tumekuwa wawili. Nakudai kwa ajili yangu, na nakudai kwa ajili ya huyu.

Lakini mfupa wa yule mama haukuwa na kosa. Ulipoingia kwenye asidi kesho yake sikuondoka mle chumbani. Chakula cha mchana sikula. Felo alibandika kikaratasi, fundi akakaa na gazeti, na mimi nikakaa na wembe. Saa nane, krr. Saa nane na nusu, krr, lakini mbali. Saa tisa na robo nikagusa, kimya. Nikagusa upande wa pili, kimya. Nikamgonga fundi bega, akaivunja amri yake mwenyewe, akautoa. Felo alipokuja saa kumi aliukuta umeshaoshwa, akasema "Asante, mzee," kwa fundi.

Slaidi ilitoka bustani. Ndani ya ile bustani kulikuwa na vifundo vidogo vya chembe zilizokumbatiana, na Felo alipoviona alipiga meza. Kifua kikuu, kimejificha ndani ya uboho, mahali ambapo wachache hufikiria kutazama. Kina dawa. Mama alianzishiwa dawa wiki ileile. Felo alisifiwa kikaoni, na alistahili, macho yake yaliona. Mimi nilimimina chai, kikombe chenye ukingo uliokatika, upande wa mdomo.

Miezi ikapita. Muhula wa chuo nao ukapita bila mimi. Mama muuza parachichi akaacha kuniita daktari.

Mwisho wa mwaka wa kwanza, kila felo hupimwa. Wanakuja madaktari wakubwa kutoka nje, wanakaa naye kwenye hadubini yenye macho mengi, ile ambayo watu wanne wanaona kitu kimoja kwa pamoja, naye anawaeleza kesi zake bora. Felo aliniletea orodha ya namba nimtolee slaidi kabatini. Namba ya kwanza ilikuwa ya yule mama. Aliandika mfupa wa pili tu.

Sasa, kabati letu nalo lina sheria. Slaidi za mgonjwa mmoja hazitengani. Ukiitoa moja unatoa zote, unazipanga kuanzia ya zamani. Sheria hiyo alinifundisha fundi wiki yangu ya kwanza, na kuna felo mmoja aliyewahi kuirudia mbele yangu akinigombeza, kwa Kikamba, nilipotoa moja ya mgonjwa mwingine nikaacha zilizobaki. Unamjua.

Nikazitoa zote. Nikazipanga kwenye trei. Ya pinki mbele.

Asubuhi ya kupimwa alivaa suti ya rangi ya maziwa. Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama wa makamo mwenye sweta na sauti ya mwalimu wa hesabu. Profesa alikaa pembeni. Mimi nilikuwa na birika na sahani ya mahamri, simu yangu mfukoni.

Felo hakuangalia namba. Alikuwa na haraka ya kuonyesha bustani yake. Akachukua slaidi ya kwanza, akaiweka, akaanza kueleza, "Hapa mtaona," kisha akasita. Wote wanne walikuwa wameinama kwenye macho ya hadubini. Walikuwa wanaona uji.

"Hii ni nini?" akauliza mama wa sweta.

"Samahani, hii ni ya kwanza, iliharibika. Ninayo nyingine." Mkono wake ukaenda kwenye trei.

"Ngoja. Iliharibikaje?"

"Asidi. Ilikaa muda mrefu. Maabara iliharibu."

"Maabara ni nani?"

Nilimpa nafasi, naapa. Nilisimama pale na mahamri nikamtazama, na ndani yangu kulikuwa na kitu kidogo, labda yale maombi ya kina mama, kilichokuwa kinamsihi aseme tu ni yeye. Angesema, ningerudi jikoni na kikaratasi changu. Nadhani. Sina hakika.

Akanionyesha kwa kidevu. "Ni huyu mhudumu wetu. Tulishalizungumza."

Nikaweka sahani mezani. Nikatoa simu, nikabandua kava, nikaweka kikaratasi kando ya bakuli la sukari, nikakinyoosha kwa kidole kwa sababu kilikuwa kimejikunja. Profesa alikitazama kwanza. Akavaa miwani. Akasoma kwa ile sauti yake ya kumwagilia mche, neno moja moja. "Ndani saa tatu. Kutoa saa kumi. Mimi mwenyewe."

Nje kulikuwa na mtu anafyeka nyasi kwa panga, nilikuwa sijamsikia mpaka wakati huo. Felo alijaribu kusogeza stuli yake nyuma, ikamvuta kushoto. Hiyo sikuipanga, lakini sikujuta.

"Sahihi hii ni ya nani?" akauliza mama wa sweta.

"Yangu," akasema Felo. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Na mgonjwa alitobolewa mara mbili."

"Ndiyo."

"Mimina chai, binti," mama wa sweta akaniambia, bila kunitazama. "Mkono wako hautetemeki. Wetu unatetemeka."

Nilimimina. Sitadanganya kwamba nilihuzunika. Nilifurahi. Nilipofika jikoni nilicheza, peke yangu, na kitambaa cha vyombo begani.

Hawakumpitisha mwaka huo. Waliandika kwamba lazima akae miezi mitatu katika chumba cha tishu, afanye kazi za mikono mwanzo hadi mwisho, kabla ya kurudishwa mbele yao. Profesa aliniita. Barua ilikuwa juu ya meza, imeshapigwa muhuri, kwa ajili ya muhula unaofuata. Hakusema pole. Alisema, "Siku nyingine usingoje miezi. Vunja mlango." Karani alikuwa anasikiliza, nikamtazama kidogo na yeye.

Fundi ndiye aliyenishangaza. Felo alipoletwa kwetu asubuhi ya kwanza, bila suti, mzee alikunja gazeti akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukumbini: "Kusikiliza mfupa atakufundisha huyu. Mimi masikio yalishaniacha, ni yeye amekuwa akinisikilizia." Nikamfuta kwenye orodha palepale.

Basi nikamkalisha Felo kwenye stuli ya gurudumu bovu, nikampa wembe.

"Umesikia?"

"Hapana."

"Rudia."

"Sijasikia kitu."

"Rudia." Nilimrudisha mara kumi na moja. Mara ya pili tu ningeweza kumwonyesha jinsi ya kuinamisha kichwa. Nilimwacha. Mara ya kumi na mbili akasikia, nikaona shingo yake imesimama. Akasema, kwa Kikamba, bila kugomba, na ilikuwa mara ya kwanza nakisikia kinywani mwake kikiwa laini hivyo:

"Siku ile ungeutoa tu."

"Ulinikataza kuugusa," nikamwambia.

Hakuomba radhi. Mimi sikumsamehe. Tulifanya kazi pamoja miezi mitatu, akawa na mkono mzuri, na kila saa kumi alikuwa mbele ya chupa kabla yangu. Yule mama wa Mtito Andei alipita kliniki siku moja, shingo imejaa, akaniambia nikishuka barabara ya Mombasa nile kwake bure. Felo alikuwa nyuma yangu. Akamwamkia, akataka kusema kitu, akaishia kumbebea kiondo mpaka getini. Nilimtazama hadi mwisho, kuona kama atakibeba vizuri.

Siku yangu ya mwisho kabla ya kwenda chuoni wote walienda kula mchana, nikabaki kufunga. Kikaratasi Profesa alikuwa amenirudishia. Nilikilaza juu ya kibao cha kukatia, nikachukua wembe. Namba ya mgonjwa niliikata kwanza, nikaitia kwenye sanduku la kuchomwa. Kisha nikakata kati ya neno *mwenyewe* na mkia wa sahihi, taratibu, bila sauti. Ile sehemu ya saa niliibandika ukutani juu ya chupa ya asidi, mahali ambapo kila atakayekuja ataisoma kabla ya kuweka mfupa. Ile yenye sahihi niliirudisha nyuma ya simu, nikabana kava mpaka likalia tik.